Mlango wa Mzee Ambakisye

Heshima isiyo na mlango ni kifungo. Mmeyasikia maneno hayo leo kwenye posa ya binamu yenu, mkaona wazee wanatikisa vichwa, nanyi mkatikisa vyenu kama watu walioelewa. Afadhali mmeuliza. Basi kaeni, endeleeni kuchambua mchele huo, maana masikio hayana haja ya mikono. Msemo huu ulizaliwa humu humu katika ukoo wetu, hapa Kyela, na chanzo chake ni hiki.

Mzee Ambakisye alikuwa seremala, fundi wa milango. Mwanawe Lusekelo alioa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, akatuletea binti aitwaye Tupokigwe. Watu wa ng'ambo ile na sisi tunaelewana lugha, na mila zetu ni ndugu. Mojawapo katika ukoo huu ilikuwa hii: mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso, wala halitamki jina lake. Mzee akitokea njia hii, mkamwana hupita ile. Mzee akitaka kuingia uani, hukohoa kwanza. Msicheke. Ndivyo watu walivyoheshimiana, na Tupokigwe aliishika mila hiyo bila kinyongo.

Alipojifungua mtoto wa kiume, ukoo ukampa mtoto jina la babu yake. Akawa Ambakisye mdogo. Mama mtu akawa hawezi kumwita mwanawe kwa jina, kwa hiyo alimwita Babu tu, na mtoto akazoea kuitika.

Siku hizo watu wa uhamiaji walianza kupita vijijini. Walisema kuolewa peke yake hakutoshi, kila mke aliyetoka ng'ambo awe na kibali cha ukaazi. Jirani mmoja aliyepuuza alirudishwa kwao, watoto wake wakabaki wakilelewa na bibi. Tupokigwe alimwona mwanamke yule akivushwa mto huku akigeuka nyuma kila hatua. Alipopangiwa siku yake ya kwenda mjini kuhojiwa, yeye na mumewe pamoja na mzee mwenye nyumba, chakula kilianza kumshinda. Alikuwa akimnyonyesha mtoto huku anamshika mguu, kana kwamba kuna mtu mlangoni anayekuja kumchukua.

Wifi yake Sekela, mwanamke wa maneno mengi, akasema hapa hakuna kulia, hapa ni kujiandaa. Cheti cha ndoa kilitolewa sandukuni, barua ya mtendaji wa kijiji ikatafutwa, picha ndogo zikapigwa. Kisha kila jioni Sekela alivaa koti la kaka yake, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kujifanya afisa.

"Wewe mwanamke, ulivuka mto mwaka gani? Ndoa ilifungwa kanisa gani? Mumeo analala upande gani wa kitanda?"

Tupokigwe alijibu yote, mpaka mama mkwe akapiga vigelegele. Lakini hofu haikumtoka. Alihisi kuna kitu wamekisahau, akakitafuta kwenye mfuko wa hati, akaukung'uta na kuupanga upya, asikione. Wala wasingeweza kukiona. Nani ndani ya nyumba ile angemuuliza mkamwana jina la mkwewe? Lingekuwa tusi. Swali la kwanza kabisa la serikali ndilo ambalo nyumba nzima haikuthubutu kuliuliza.

Siku ikafika. Mzee Ambakisye alitangulia kwa basi la kwanza ili asipande moja na mkamwana wake. Pale ofisini alikaa kwenye benchi la nje, akaupa mgongo mlango. Lusekelo aliitwa kwanza, akahojiwa, akatolewa. Kisha akaitwa Tupokigwe, mtoto mgongoni.

Afisa alikuwa kijana mpole aliyehamishiwa huku kutoka Pwani. "Karibu dada. Mumeo anaitwa nani?"

"Lusekelo."

"Lusekelo nani?"

Jina la pili la mumewe ni la baba yake, na Tupokigwe akainamisha macho.

"Haya, tuliache hilo. Baba mkwe wako je?"

"Ni... mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ana jina, dada." Afisa akamtazama vizuri sasa. "Na huyo mtoto?"

"Babu."

"Nataka jina la kwenye cheti chake cha kuzaliwa."

Tupokigwe alifungua kinywa, kikafunguka kweli, lakini sauti haikutoka. Mzee mwenyewe alikuwa nyuma ya ukuta ule, anasikia kila neno. Akilitaja, atarudi nyumbani akiwa mwanamke aliyemtukana mkwewe hadharani. Asipolitaja, hatarudi kabisa.

Lusekelo akachungulia mlangoni. "Afande, hii ni mila yetu, yeye hawezi..."

"Sijakuuliza wewe, kaka. Mila naziheshimu. Lakini juzi alikaa hapo hapo mwanamke mwingine na mtoto asiye wake. Mama anayeshindwa kumtaja mwanawe, mimi niandike nini?" Akafunga jalada. "Itabidi abaki hapa tuchunguze. Mtoto atatunzwa na ustawi wa jamii."

Tupokigwe alimshika mtoto kwa mikono yote miwili, huko huko mgongoni.

Hapo ndipo kikasikika kikohozi. Alikifahamu. Kama alivyozoea nyumbani, alijifunika kitenge usoni na kusimama apite njia nyingine. Lakini chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, na mzee alikuwa amesimama kizingitini, mgongo kwake, uso kule nje.

"Mama Ambakisye," alisema mzee.

Hajawahi kumsemesha tangu aolewe, na leo anamwita kwa jina lile lile.

"Mwanangu, nimetengeneza milango tangu ujana wangu. Ukuta ni kitu kizuri, unamlinda mtu. Ila usipouwekea mlango, siku nyumba ikiwaka moto aliyemo ataungua humo humo. Heshima yako nimeiona, nimeshiba. Lakini heshima isiyo na mlango ni kifungo. Jina ni langu, na leo nakupa. Litaje uokoe mtoto."

"Ambakisye," alisema Tupokigwe, kwa sauti ya chini mno.

"Sijasikia, dada," alisema afisa.

"Ambakisye! Mwanangu anaitwa Ambakisye!"

"Naam," aliitika mzee pale mlangoni, bila kugeuka.

Afisa akautazama mgongo wa mzee pale mlangoni, kisha akalifungua tena jalada na kuandika. Alimkaribisha mzee aingie akae. Mzee akamshukuru, akasema palipo na mkamwana wake yeye hukaa nje.

Kibali kilitoka. Mtoto yule wa mgongoni ndiye baba yenu, anayejifanya mkali siku hizi. Na mila haikuvunjika, msije mkasema nimewaambia ilivunjika. Mzee aliendelea kukohoa kabla ya kuingia uani, na Tupokigwe aliendelea kupita njia yake. Jina lile hakulitaja tena, miaka mingi.

Alilitaja mara moja tu. Mzee alipopooza, alilala akikodolea dari macho, watoto wake wanamwita haitiki, uji anaukataa. Sisi tulikuwa tumeshaanza kulia. Tupokigwe akatoka jikoni, akasimama nje ya chumba cha mgonjwa, mgongo mlangoni, kama mzee alivyosimama siku ile.

"Ambakisye," aliita.

Kisha tukasikia kutoka ndani, kwa taabu, "Naam."

Jioni ile mzee alikunywa uji. Kwa hiyo wazee wakisema heshima isiyo na mlango ni kifungo, hawawafundishi kubomoa ukuta.