Mchi wa Mbuzi

Nianze nisianze?

Anza, tumekaa!

Wewe wa huko nyuma, acha kutafuna. Nianze nisianze?

Anza, tumekaa!

Hapo kale, Fisi alikuwa na kinu kikubwa. Waliomtwangia mahindi ni watatu: Punda, Kima na Mbuzi. Kinu kimoja, michi mitatu, wanapokezana: huyu akiinua, yule anashusha. Kazi ilikuwa ileile, lakini jioni Punda na Kima walipewa unga. Mbuzi alipewa pumba, eti kwa kuwa ni jike. Wenzake walikula wakanyamaza. Kwani yalikuwa yanawauma wao?

Siku moja Fisi akaja amekunja uso. Mchana ule Chui alikuwa anakuja kula, na Chui hana mzaha. Fisi akamtazama Mbuzi, ambaye alikuwa na mimba kubwa.

"Siku hizi unachelewesha mchi," akasema. "Ukikosea leo, utakuwa kitoweo cha mgeni."

Mbuzi akatwanga. Tumbo likamvuta, akatwanga. Mikono ikaishiwa nguvu, mchi ukamponyoka.

Fisi akamshika pembe.

Punda akasimamisha mchi wake juu. "Mwache, mzee."

Kima naye akasimamisha wake. "Apumzike mpaka azae. Akirudi, apewe unga kama sisi."

Fisi akamvuta Punda kando. "Twanga, nitakuongezea unga." Punda akakataa.

Akamvuta Kima kando. "Twanga, nitakufanya msimamizi." Kima alikuwa na watoto wengi wa kulisha. Hata hivyo akakataa.

Akamrudia Mbuzi. "Niombe radhi peke yako, nikusamehe peke yako."

Mbuzi akasema, "Zungumza nasi sote."

Fisi akashika mchi mwenyewe. Masikini, hakuwahi kutwanga. Akapiga ukingo wa kinu, mahindi yakamwagika. Mara Chui huyo, ameingia uani.

"Kitoweo nakiona," akasema Chui. "Ugali uko wapi? Nikiukosa, nitamla aliyenialika."

Jasho likamtoka Fisi. "Jamani, nimekubali yote."

"Sema mgeni asikie," akasema Kima.

Fisi akasema: Mbuzi apumzike, na unga ugawiwe sawa. Ndipo michi ikashuka. Chui akala ugali kwa maharage, amenuna.

Mbuzi akazaa salama, akarudi kinuni. Jioni ile alipokula unga kwa mara ya kwanza, Punda aliona haya kumtazama.

Basi sikieni: mwenzako akionewa, simamisha mchi wako siku hiyohiyo. Ukingoja yakufike wewe, hutamkuta wa kusimama nawe.

Hadithi nimeitwanga, kinu nimekifunika. Mwenye njaa aje kesho na mchi wake.