Nyani Aliyemaliza Tamaa

Hadithi!

— Ije!

Ije mikono mitupu?

— Ije na chumvi!

Na chumvi ikizidi?

— Tutakunywa maji!

Haya, tulieni. Wewe kule nyuma, zima hiyo simu, hapa hatuzungumzi watu wawili kwa mpigo.

Hapo kale, wala si kale sana, mvua za vuli zilikataa kunyesha. Majani yakakauka, mto ukabaki mchanga mtupu, na katika bonde zima ukabaki mti mmoja tu wenye matunda, mkuyu mkubwa wa ukingoni. Makuyu yameiva, yanadondoka yenyewe, pu! pu! pu! Kila mnyama akaja, akala, akaenda zake. Mmoja wao alikuwa Kindi, mama wa watoto wawili wachanga. Watoto wale chakula chao ni maziwa ya mama, na mama chakula chake ni makuyu yale. Yakikosekana makuyu, watoto hawana kesho.

Ndipo akaja Kozi, ndege msafiri, ambaye kila mwaka huvuka bahari kutoka mashariki ya mbali. Akatua mkuyuni, akasimulia.

"Huko nilikotoka wapo watawa wa Buddha. Wamenyoa vichwa, wamejitanda mashuka ya manjano. Wanakaa chini ya mti wa jamii hii hii ya mkuyu, wanafumba macho, wanafuata pumzi. Inaingia, inatoka. Hawaui. Hawachukui wasichopewa. Wanasema mateso yetu mzizi wake ni tamaa. Na asubuhi watu huwatilia chakula bakulini."

"Loo, maneno mazuri hayo!" wakasema wanyama.

Nyani dume naye alikuwapo, kifua hivi, meno hivi. Alikuwa anasinzia tangu mwanzo, mpaka aliposikia chakula.

"Wanaletewa?" akauliza.

"Wanaletewa," akasema Kozi.

"Na wao wamekaa tu?"

"Wamekaa tu."

Kozi akaruka kwenda zake kusini. Angebaki siku mbili akaeleza vizuri, wallahi tusingefika hapa. Lakini wasafiri mnawajua, wanamwaga habari kisha hao!

Kulipokucha, wanyama wakamkuta Nyani chini ya mkuyu. Miguu kaikunja, macho kayafumba, mbele yake kibuyu kilichopasuliwa ndilo bakuli. Na mashavu yamevimba, maana nyani ana mifuko ndani ya mashavu, na mifuko ilikuwa imejaa makuyu.

"Kuanzia leo niiteni Mwalimu," akasema. "Hapa ni mahali pa utulivu, hakuna kula ovyo. Tamaa ni mateso, na mimi sitaki mteseke. Okoteni makuyu, tieni bakulini, kaeni, fumbeni macho. Pumzi inaingia, pumzi inatoka."

"Na makuyu, Mwalimu?" akauliza Digidigi.

"Makuyu yanaingia tu."

Digidigi akajaribu kuokota moja. Pa! Kofi la uso.

"Hiyo ni tamaa," akasema Nyani kwa upole. "Nimekusaidia kuitoa."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Pumzi inaingia, pumzi inatoka, nyam nyam nyam. Wakifumbua macho, bakuli tupu. Siku ya pili pumzi inaingia, pumzi inatoka, nyam nyam nyam. Bakuli tupu. Nyani akaanzisha na ngazi. Ngazi ya kwanza mabakuli matano, ngazi ya pili mabakuli kumi, ukimaliza unapewa cheti cha jani. Nguchiro akakipata hicho cheti, akazunguka nacho bonde zima, tumbo limegusana na mgongo, akisema, "Siku hizi najisikia mwepesi ajabu!" Mwepesi! Hiyo ni njaa, mjinga wewe!

Kindi naye alikaa, alifumba macho, alitia bakulini. Siku ya tatu akarudi kwenye tundu lake. Watoto wakanyonya, wakanyonya, wakaacha. Wii! Wii! Maziwa yalikuwa yamekauka. Kindi akalia na watoto wake, kisha hasira zikampanda. Lakini afanye nini? Jino moja la Nyani ni refu kuliko mkono wake. Akawaza, akawaza. Akajiuliza kama kuna kitu Nyani anakipenda kuliko makuyu. Akakumbuka jinsi anavyotabasamu akiitwa Mwalimu.

Asubuhi huyoo, mkuyuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, bonde la pili wanasema wewe ni mlafi."

Macho ya Nyani, pwa! Yakafumbuka. "Nani kasema?"

"Ni wivu tu, Mwalimu. Nimewaambia wewe tamaa umeimaliza. Au imebaki kidogo?"

"Kidogo iko wapi? Nimeimaliza yote!"

"Si ndiyo nikawaambia? Nikawaambia Mwalimu wetu anaweza kukaa tangu jua linachomoza mpaka lifike utosini. Hafumbui jicho, hasogezi kidole. Na sisi sote tukila mbele yake, yeye hata mate hamezi. Wakacheka mpaka wakaanguka, wakasema watakuja kushuhudia." Kindi akainamisha kichwa. "Basi niwaambie wasije? Niseme Mwalimu anaumwa?"

Nyani akavimba kama andazi. "Mwalimu haumwi! Waite! Waite na wa bonde la tatu!"

Kesho yake jua halijachomoza, wanyama wamejaa kila upande. Nyani kakaa, mashavu kayajaza tayari. Mshenzi, alishajiwekea akiba!

"Mwalimu," akasema Kindi, "wageni wanaomba neno kabla hujaanza."

Wageni wote wakamtazama mdomoni. Nyani akameza harakaharaka, gu! gu! gu! Macho yakamtoka. Akasema, "Utulivu." Akafumba macho, na mashavu yamenywea.

Mwanzoni hakuna aliyethubutu. Kindi akapanda mwenyewe, akauma kuyu, akadondosha ganda. Pu! Likatua kwenye pua ya Nyani. Nyani kimya. Kindi akadondosha kuyu zima mdomoni mwa Digidigi. Nyam! Nyani kimya. Ee, basi! Wakamiminika. Pu! pu! nyam nyam! Pu! pu! nyam nyam! Utadhani harusi.

Kindi akila, jicho lake haliachi uso wa Nyani. Kope zikaanza kucheza. Mkono wa kulia ukaanza kutambaa kwenye vumbi, taratibu, kuelekea kuyu lililodondoka.

"Wageni, tazameni!" akapiga kelele Kindi. "Mwalimu anasogeza mkono!"

Mkono ukarudi mbio. Machozi yakamtiririka Nyani mashavuni.

"Anatuhurumia," wakasema wa bonde la pili. "Kweli huyu ameiva."

Jua likafika utosini. Nyani akafumbua macho, akatazama juu. Majani matupu.

"Makuyu ya—" akaanza, meno nje.

"Ya nani, Mwalimu?" akauliza Kindi.

Mabonde matatu yanasubiri neno moja tu. Akisema yangu, ualimu umekwisha, na wa bonde la pili watacheka mpaka waanguke tena.

"Ya... ya wote," akasema.

Vigelegele! Wakamvisha maua. Mzee Nungunungu wa bonde la tatu akasimama, akasema kwa unyenyekevu kwamba mtu aliyefika daraja hilo ni dhambi kumchafua kwa chakula, na bakuli lake lisitiwe kitu tena. Wote wakaitikia.

Kindi akakimbia kwenye tundu lake. Watoto wakanyonya, wakanyonya, maziwa yakawamwagikia mpaka masikioni.

Na Nyani yupo mpaka leo chini ya ule mkuyu, anaitwa Mwalimu, mifupa inahesabika.

Yangu yameisha. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu, ni masikio yenu hayo.

Ah, mnataka na funzo? Funzo ni hili, wanangu. Kuweni kama Nyani, muungwana aliyetoa ahadi akaitimiza. Msiwe kama Kindi, muongo, mchochezi, mwenye watoto wanono.