Saa ya Mjapani na Kaburi la Shaame

Hapo zamani, na nikisema zamani msidhani nasemea enzi za wafalme na majini. Zamani yangu hii mie nilikuwepo, nimeyaona kwa macho haya mawili, na mpaka leo nikiyasimulia mwili hunisisimka. Mwenye kusinzia aende akalale mapema. Nikimaliza nitauliza swali, na safari hii sitaki mtu anijibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Hilo tunalijua sote.

Pale Wete, Pemba, alikuwapo Shaame bin Faki, mkaguzi wa karafuu, na mkewe Bi Time. Hawakujaaliwa mtoto. Shaame alipima karafuu, Bi Time alishona kofia. Sisemi kofia za mashine hizi mnazouziwa siku ya Idi. Nasema kofia ya viua, kitundu kimoja kimoja, sindano na uzi, mpaka kichwa kizima kienee. Alimshonea mumewe kofia moja kwa miezi minane. Na nyinyi mnajua kofia kwetu hupimwa vipi. Asiyejua huitazama juu. Anayejua huigeuza ndani, akatafuta fundo la uzi. Kofia ya Bi Time ukiigeuza, hujui tena ndani ni wapi na nje ni wapi.

Siku moja akaja Mjapani mmoja, Bwana Okabe, mgeni wa ofisi ya karafuu. Shaame akamkaribisha nyumbani kwa kahawa. Mgeni hakuitazama kahawa. Alikitazama kichwa cha mwenyeji wake, akaiomba kofia, akapewa, na hapo hapo akaigeuza. Nani alimfundisha? Hakuna. Mtu katoka upande wa pili wa dunia, kaigeuza kofia kama bibi wa Kipemba, anapitisha ukucha kitundu kwa kitundu anatafuta fundo. Alitafuta mpaka kahawa ikapoa. Hakulipata.

Akavua saa yake. Kumbe yeye kwao alikuwa fundi wa kiwanda cha saa, kazi yake kusugua makasha ya saa mpaka yawe vioo, na kazi hiyo kaifanya miaka ishirini na sita. Saa yenyewe haikuwa na dhahabu wala vikorokoro. Uso wake mweupe, una vijikunjo vidogo vidogo kama mchanga maji yakishatoka. Mishale imechongwa kingo mpaka inang'aa penye mwanga mchache. Na mshale wa sekunde haurukiruki kama wa saa zenu, unateleza tu, huoni unapopumzika. Haina betri. Ni ya kutia ufunguo kwa vidole, kila asubuhi. Akaigeuza vile vile alivyoigeuza kofia, na nyuma ni kioo, ndani mnaonekana magurudumu na vijiwe vyekundu, kila kimoja kimesuguliwa kana kwamba kitavaliwa juu.

"Kasha hili sugua mimi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kofia hii nani shona?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Bi Time yuko nyuma ya pazia, kashika birika la kahawa. Kasikia swali, kama mnavyonisikia mie. Na Shaame akajibu, "Mimi."

Mimi, kasema. Mtu ambaye kifungo cha kanzu yake kikikatika humwita mkewe.

Bwana Okabe akamvisha saa ile mkononi, akasema, "Saa hii ya mkono shona kofia hii." Akavaa kofia, akainama. Bi Time akatoka nyuma ya pazia na birika lake, akamimina kahawa. Mke kwetu hamvui mumewe nguo mbele ya mgeni, hata akiwa yeye ndiye aliyevuliwa. Akangoja mgeni aondoke, mume aseme. Mgeni akaondoka, mume hakusema. Akangoja wiki, hakusema. Akangoja mwaka, hakusema. Alingoja miaka kumi na mmoja.

Na mume barazani, kila akiulizwa, huinyanyua saa na kusema, "Nilipewa na Mjapani kwa kazi ya mikono yangu." Sisi tulioijua kofia ile imeshonwa na nani tulisema mashaallah. Ndiyo, na mie nilisema. Msinitazame hivyo.

Lakini mjue pia kwamba Bi Time aliipenda saa ile kuliko mwenye kuivaa. Vidole vya Shaame vilikuwa vinene, akiishika anaogopa kuivunja. Basi kila asubuhi Bi Time ndiye aliyeitia ufunguo, na kabla ya kuirudisha huigeuza akatazama yale magurudumu. Aliwahi kumwambia jirani yake kwamba yule aliyeitengeneza saa naye hana fundo.

Shaame akaugua. Mara ya mwisho aliyofumbua macho alimwita mkewe, na Bi Time akasogea karibu kabisa, akijua leo ndiyo leo. Shaame akasema, "Time, umeitia ufunguo saa yangu?"

"Nimeitia."

"Ahsante," akasema, na roho ikatoka.

Bi Time akaomba amwoshe mumewe mwenyewe, na hiyo ni haki yake. Akasaidiwa, akamwosha vizuri, karafuu maiti na kila kitu. Kabla sanda haijafungwa akaomba aachwe naye dakika mbili amuage. Akaachwa. Jeneza likatoka, tukazika, masika yanamwagika.

Aliyempokea maiti ndani ya kaburi ni Makame, mchimba makaburi wetu. Akamlaza mwanandani, ile nafasi ya ubavuni, akalegeza vifundo vya sanda kama inavyotakiwa. Mkono wake ukagusa kitu kigumu. Si mfupa. Makame akasimama kidogo, maji ya mvua yanamchuruzika usoni, halafu akaendelea. Mwosha maiti na mzika maiti hawatoi siri ya maiti, wakitoa nani atakubali kuoshwa na kuzikwa nao?

Siku saba alikaa na siri yake hali hashibi. Siku ya nane, ametoka kusali alfajiri, kweupe kabisa, akaenda na jembe lake akalifungua kaburi. Hakuchukua shahidi. Akaondoa ubao, akaingiza mkono huku uso kaugeuza pembeni, akatoa alichotoa, akafukia, akasomea. Kisha akaja moja kwa moja msikitini, watu hawajatoka darsa ya asubuhi, akaiweka saa juu ya mkeka mbele ya Sheikh Khatibu. Ina udongo, na bado inanukia karafuu maiti.

Wallahi nimeona watu wazima wakirudi nyuma. Mmoja alikanyaga viatu vya wenzake akaanguka. Hakuna aliyeuliza saa imefikaje kaburini. Kila mmoja aliuliza jambo moja tu, Makame kaburini kaendea nini. Tangu siku ile watu wakaacha kumpa mkono. Bakari, nduguye Shaame, ambaye mirathini saa ingeangukia fungu lake, akasema yeye kitu kilichotoka kaburini hakitaki, si kukivaa wala kukiona, na mashahidi muwe nyinyi.

Saa imesimama. Uso umeingia ukungu, mshale wa sekunde umeganda. Sheikh akampa Mbarouk, fundi saa wa pale mjini, akamwambia aitazame, na Bi Time akitoka eda tutakaa tuzungumze. Miezi minne na siku kumi.

Siku ikafika, baraza ya Sheikh ikajaa mpaka njiani, Bi Time naye kasimama pembeni penye ukuta. Mbarouk akaja na kitambaa, akakifunua. Saa nyeupe, kavu, mshale unateleza. Pale watu walishikana mikono bila kujua wanayemshika ni nani. Sheikh akaiweka katikati ya mkeka, akasema, "Mrithi kaikataa. Mwenye kuidai aseme haki yake. Akishasema haki yake, aseme na kosa lake."

Akaanza Mbarouk.

"Sheikh, iliyotoka kaburini haikuwa saa, ilikuwa chuma chenye kutu. Kijiti kimoja chembamba kilikuwa kimeliwa, sikukipata Unguja, sikukipata Dar es Salaam. Nikakichonga mwenyewe kwa chuma cha sindano, na mara sita kilinivunjikia. Nimefungua saa miaka thelathini, sijaona hii. Chini kabisa kuna kipande hakionekani mpaka uivunjevunje saa nzima, hata kile kioo cha nyuma hakikionyeshi, nacho kimesuguliwa kingo zake zote. Nilikaa nikajiuliza, huyu bwana kamsugulia nani? Watu wanataka niwang'arishie makasha ya saa zao. Hili sikuligusa, ningezipoteza zile kingo zake. Bila mie hapa hamna saa. Iliyopo nimeifufua mie."

"Anayefufua ni Mungu," Sheikh akasema.

"Basi nimeitengeneza. Haki yangu ndiyo hiyo."

"Na kosa lako?"

Mbarouk akainamisha kichwa. "Niliimaliza mwezi wa kwanza. Miezi mitatu iliyobaki nilikuwa naitazama tu. Wateja wangu niliwaambia naumwa."

Akafuata Makame.

"Sheikh, mie sijui magurudumu. Saa naijua kwa adhana. Lakini bila mie ingeoza pamoja na mwenyewe. Niliigusa siku ya kwanza, nikanyamaza kumsitiri maiti. Nikaona tena si haki maiti kulala na mali ya dunia mkononi, nikaitoa, nikanyamaza tena, sikuchukua shahidi asije akaona lisiloonwa. Ningekuwa mwizi ningeileta hapa? Mke wangu hauziwi samaki sokoni kwa ajili yangu. Watoto wangu wanaitwa watoto wa fisi. Haki yangu ndiyo hiyo."

"Na kosa lako?"

"Nilifungua kaburi la Muislamu bila kuuliza mtu. Ningekuja kwako ungenipa hukumu. Sikuja, kwa kuwa ningelazimika kusema nilichokigusa."

Mtu nyuma akauliza kwa sauti, sasa nani aliyemvisha maiti saa. Watu wakageuka kumtazama Makame, kama kawaida yetu. Na Bi Time akasema, "Mie."

Bi Time wa watu, mpole, asiyepandisha sauti hata kwa kuku.

"Nilimvisha mie, nikaifunika na sanda. Nikakivuta kile kitufe cha pembeni ili isimame, ndipo maji yakapata njia ya kuingia. Nilikuwa nikijua. Fundi, kijiti chako nimekila mie. Makame, watoto wako wametukanwa kwa ajili yangu, na miezi minne nimekaa ndani nikisikia, sikutuma mtu aseme. Hilo ndilo kosa langu, nimelitanguliza kwa kuwa ni kubwa."

Sheikh akauliza, "Kwa nini, Bi Time?"

"Alisema saa ni yake. Nikasema basi aende nayo, akaulizwe nayo."

"Na haki yako?"

"Mjapani alisema saa ni ya mkono ulioshona kofia. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia. Miezi minane nimeshona, na macho yangu yamebaki humo. Bila kofia Mjapani angekunywa kahawa akaondoka. Bila mie Mbarouk asingekuwa na cha kutengeneza, wala Makame asingekuwa na cha kutoa."

Sheikh akauliza, "Ukipewa, utaivaa?"

"Sitaivaa, Sheikh. Mshale wenyewe siuoni tena, hapa nauona weupe tu. Nataka neno. Mtu mmoja katika nyinyi aseme mbele ya watu kwamba kofia ile kashona Time. Likishasemwa, saa mpeni mumtakaye."

Hapo ndipo nilipoona baraza nzima ya wanaume inatazama mkeka. Hakuna aliyekuwa hajui. Makame anajua, Mbarouk anajua, Bakari anajua, Sheikh kofia aliyovaa siku ile ilishonwa na yeye huyo. Lakini kulisema neno lile ni kumwita Shaame mwongo, na Shaame yuko chini, hana kinywa cha kujitetea, na kwetu maiti hasemwi ila kwa kheri. Kutolisema ni kumwacha mwanamke amesimama mbele yetu na macho yake mabovu, anangoja mwaka wa kumi na mbili. Mie nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilifungua mdomo, nikakohoa.

Bi Time akangoja. Halafu akajifunga buibui lake, akapapasa ukuta, akatoka. Saa tukaiacha pale pale mkekani, inakwenda.

Basi nambieni. Mbarouk aliyeitengeneza na kuiona mpaka pasipoonekana, Makame aliyeitoa akalipa kwa jina lake, au Bi Time aliyeshona kofia iliyoileta kisha akaizika kwa mkono wake mwenyewe: je, nani alistahili? Na wewe uliyeninunia tangu niliposema nilikohoa, nawe mbele yako umewekwa maiti upande mmoja na mjane upande wa pili, ungelisema lile neno?