Bastola Iliyoua Nyati

Fisi walikuwa wakimmalizia Bi Nyamizi mbuzi, akaenda kuinunua bastola kuukuu ya tajiri Lugusha. Tajiri akataka fahali.

"Nimeua nyati kwa hii!" alijigamba.

"Ngoja niijaribu, baba."

Bi Nyamizi alitia risasi, akalenga kibuyu uani, akavuta kifyatulio. Kimya. Akampa mwenyewe. Tajiri naye akavuta, akavuta, mpaka jasho likamtoka. Kimya.

"Imekufa," alinung'unika. "Haya, lete jogoo uichukue."

Jogoo alipokwisha kufungwa kamba, Bi Nyamizi alikivuta nyuma kinyundo cha bastola kwa kidole gumba, ndipo akafyatua. Kibuyu kikasambaratika; tajiri akalala kifudifudi.

"Umeifanya nini, we mwanamke?"

"Nimevuta kinyundo kwanza, baba. Kwani wale nyati uliwauaje?"