Atakayekuwa Mguu wa Shaame

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme, bali zamani ya mavuno yaliyopita, mwanamke mmoja wa Pemba aitwaye Mize alikuwa barazani anachambua karafuu. Jamvi lilikuwa mbele yake, makonyo, vile vikonyo vinavyotolewa, yamerundikana upande mmoja, na mgongo ulikuwa unamuuma tangu asubuhi. Alikuwa bado na nusu gunia la kumaliza jua lisije likampotea. Jirani yake akaingia uani bila hodi.

"Mize, mwanao kaanguka mkarafuuni."

Mize akauliza ni yupi, kwa sababu alikuwa na wawili. Akaambiwa ni mkubwa, Shaame. Akauliza kama yu hai. Akaambiwa yu hai, ila mguu. Basi Mize akafunika karafuu kwa gunia kuku wasije wakazitawanya, akajifunga kanga, akatoka.

Shaame hakuanguka kutoka juu. Alikuwa ameshateremka, kapu la karafuu mgongoni, na kile kipande cha mwisho akakiruka kama wachumaji wote wanavyokiruka. Mguu mmoja ukatua kati ya mizizi ukabaki palepale, na mwili wenye mzigo ukageuka. Muundi ukaangalia huku, paja likaangalia kule. Walio chini ya mti walisikia kitu kikilia pa, kama kijiti kikavu. Mpaka wanamfikisha nyumbani juu ya kitanda cha kamba, goti lilikuwa limevimba na pia ya goti imezama ndani ya uvimbe, haionekani.

Mumewe Mize, Faki, hakupoteza muda. Akatuma aitwe dada yake, Bi Riziki. Huyu ndiye mkandaji wa kijiji. Mikono yake ilikuwa imeshika magoti, mabega na viuno vya watu wa pale tangu usichana wake, na Shaame mwenyewe alimkanda akiwa mchanga. Bi Riziki akalitazama goti, akasema limeteguka. Akapasha mafuta ya nazi, akawaambia watu wamshike kijana mabega, akauvuta mguu, akakanda. Shaame alilia kilio ambacho Mize hakuwahi kukisikia kwake tangu alipotahiriwa. Mwishowe Bi Riziki akafuta mikono akasema, "Nimelirudisha." Watu wote wakashusha pumzi. Goti likiwa limerudi, hospitali ya nini tena?

Sasa ikawa zamu ya mama.

Mize hakuwa mkandaji wala daktari. Alijua namna moja tu ya kumuuguza mtu aliyeumia sana, nayo ni ile aliyouguzwa yeye alipozaa. Mzazi hutiwa ndani siku arubaini. Hulazwa, hufungwa tumbo, hupewa uji wa pilipili manga, hakanyagi sakafu ya baridi, hanyanyui kitu. Basi Mize akamtia Shaame ndani arubaini. Akamfunga goti kwa kitambaa, akakikaza sana. Akampikia uji. Kijana akitaka kusimama, mama anamrudisha kitandani. Akitaka kukunja mguu, mama anaunyoosha. Uvimbe ukapungua, maumivu yakapungua, na Mize akaona uuguzi wake unafanya kazi. Aliona pia kuwa paja linakonda, limekuwa kama la mtu mwingine. Akazidisha uji.

Arubaini ilipoisha Shaame alikuwa anatembea uani kwa kushika ukuta. Wakati huo mikarafuu ya mlimani ilikuwa imeiva, ile aliyopewa na babu yake, ambayo ndiyo aliyotegemea kujengea nyumba ili aoe. Karafuu zikiachwa zinachanua, na zikichanua ni hasara.

Hapo akaingia Hamadi, mdogo wake. Hamadi alikuwa mtu wa mzaha, na msimu ukiisha alikuwa aende Unguja kwa mjomba wake kujifunza useremala. Akasimama mlangoni akamtazama kaka yake aliyelala na mto chini ya goti.

"Yakhe, hongera kwa kujifungua. Mtoto yuko wapi tumtazame?"

Shaame akacheka, kisha hakucheka tena. Hamadi akaendelea. Akauliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume, akauliza akika itachinjwa lini. Wachumaji wenzake waliokuwa nyuma yake wakajishika mbavu. Kesho yake Shaame akapanda mlimani. Mize alikuwa kisimani. Aliporudi alikuta kitanda kitupu.

Shaame alipanda mti kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Juu huko akakanyaga tawi, akakunja goti ili ajisukume, na goti likamkimbia. Hakuanguka, alikumbatia shina. Lakini ndani ya goti kitu kilibana, na mguu ukabaki umekunjwa, haunyooki. Hamadi ndiye aliyempandia akamfunga kamba na kumshusha kama gunia, na safari hiyo hakusema mzaha.

Safari hiyo pia walikwenda hospitali.

Daktari wa mifupa, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimlaza Shaame akapima mapaja yote mawili kwa kamba mbele ya mama yake. Kisha akaeleza, na Mize, ambaye alisoma mpaka sekondari, alifuata neno kwa neno. Alisema goti ni pahali mfupa wa paja unaposimama juu ya mfupa wa muundi, na mifupa hiyo haikuchongwa ikaingiana kama mguu wa kiti. Imewekwa tu mmoja juu ya mwingine. Kinachoizuia isiteleze ni kano, na katikati kabisa kuna mbili zinazopishana. Moja ya hizo ndiyo iliyolia siku ile chini ya mti. Kano iliyokatika haitoki pahali pake, kwa hiyo hakuna cha kurudisha kwa mkono. Kuivuta na kuikanda ni kuzidisha damu na uvimbe.

Hata hivyo, alisema, mtu anaweza kuishi bila kano hiyo, hata akatembea vizuri, kama paja lake lina nguvu. Misuli minne ya mbele hushuka ikaungana, ikaishika pia ya goti na kulinyoosha goti. Misuli ya nyuma hulikunja, nayo huuzuia muundi usiteleze kwenda mbele. Hao ndio walinzi. Lakini msuli usiofanya kazi huisha haraka, na hurudi kwa mazoezi tu. Ilitakiwa aanze kuukaza mguu hata akiwa kitandani, kila siku, kidogo kidogo. Walinzi walipokwisha, goti likabaki peke yake, na alipolipandisha mtini likateleza na kuchana gegedu, lile tandiko laini lililo katikati ya mifupa.

Walimpasua, wakatoa kipande kilichobana. Lakini goti lilikuwa limesagika. Atatembea kwa fimbo. Hatapanda mti. Hatachuchumaa, wala hatapiga magoti.

Mize akauliza swali moja tu. "Daktari, katika hayo yote, lipi lililouua mguu wa mwanangu?"

Daktari akavua miwani. "Mama, kano ilikatika siku ya kwanza. Paja liliishia kitandani. Gegedu lilichanika juu ya mti. Ukiniambia nikutolee moja, siwezi."

Ijumaa ya kwanza Shaame aliyotoka, aliswalia kitini, safu ya nyuma, pamoja na wazee wenye magoti ya uzee. Mize alihadithiwa na watu. Akaenda kuanika karafuu.

Jioni moja Faki akawakusanya ukumbini. Alikuwa hajalala vizuri siku nyingi, na uso wake ulikuwa mgumu. Akasema, "Kuna mtu humu kamlemaza mwanangu. Huyo ndiye atakayekuwa mguu wake. Kila msimu atazivuna karafuu za Shaame kwanza, ndipo ashike jambo lake, mpaka mmoja wao afe. Aseme mwenyewe, nisimtaje."

Mize akamtazama mumewe. Alikumbuka nani aliyetuma Bi Riziki aitwe badala ya gari. Akalimeza neno hilo. Alijua hesabu ya jambo lenyewe ilivyo: ndani ya ukumbi ule aliyeweza kupanda mkarafuu ni mmoja tu, na huyo mmoja sanduku lake la kwendea Unguja lilikuwa limeshafungwa.

Bi Riziki akatangulia. "Ni mimi. Nimekanda goti nisilolijua, nikasema nimelirudisha. Nisingesema neno lile, mngempeleka hospitali siku ileile. Mtoto alilia mikononi mwangu na mimi nikazidi kuvuta."

"Si wewe, wifi," Mize akasema. "Daktari kasema hata bila kano angetembea. Ni mimi niliyemlaza. Kila akisimama nilimrudisha. Paja liliisha machoni pangu nikaona ni njaa, nikalipa uji. Niandikeni mimi. Kupanda sipandi, lakini nitaokota, nitachambua, nitaanika, na nitaomba wachumaji wanipandie."

"Mama, hata paja lililoisha hurudi," Hamadi akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Daktari kasema lingerudi kwa mazoezi. Alikuwa ameanza kutembea. Mimi ndiye niliyemcheka mpaka akapanda. Sendi Unguja."

"Nyamaza, Hamadi."

"Sinyamazi, mama. Lile lililomlemaza ni langu."

Shaame alikuwa kitini, mguu ameunyoosha mbele yake. "Mnaligombania goti langu kama urithi," akasema. "Mwenye goti mimi. Kila niliposhika ukuta lilikuwa linateleza, nilikuwa nalisikia. Shangazi aliniuliza kama linauma, nikasema haliumi. Mama aliniuliza, nikasema sijambo. Niliona haya. Hamadi alinicheka, lakini miguu iliyokwenda mlimani ni yangu. Mwacheni aende."

"Na nani atapanda?" Faki akauliza.

Bi Riziki alikuwa anaitazama mikono yake, ameilaza mapajani, viganja juu. Faki akafungua kinywa atoe hukumu, akakifunga.

Mize akainuka. Wali ulikuwa umeshaiva na mchuzi wa samaki changu ulikuwa unapoa. Akatandika mkeka, akaleta sinia moja, akaliweka katikati. Kisha akapakua sahani ya peke yake, akampelekea Shaame kitini, kwa kuwa hawezi tena kukaa chini na wenzake. Akawahesabu kama anavyowahesabu kila jioni: mumewe, wifi yake, Hamadi, Shaame, na yeye mwenyewe. Wote wapo. Akanawa mikono, akasema bismillahi, wakaanza kula, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mpaka leo Faki hajahukumu, na karafuu mlimani zinakaribia kuiva tena. Nyinyi mliosikiliza mmewaona wote: aliyekanda, aliyelaza, aliyecheka, aliyeficha, na yule aliyeketi kuwahukumu. Je, nani aliyemlemaza Shaame? Na mkishamtaja, je, ni haki huyo ndiye awe mguu wake, au awe yule anayeweza kupanda?