Vibao Vitano vya Bi Nguchiro

Furushi limefika!
— Lifungue!
Na likiwa na nyoka?
— Lifungue hivyo hivyo!

Basi sogeeni, lakini msisogee sana.

Hapo kale, ila si kale mno, maana simu zilikuwa zimeshafika porini, Bi Nguchiro, fundi wa redio, aliishi kichuguuni na watoto wake sita. Siku moja akaenda kutafuta mayai, akarudi, akawakuta watano. Akaenda tena, akarudi, akawakuta wanne. Mlangoni, nyayo za Fisi.

Na Fisi huyo alikuwa mkaguzi wa mizigo posta. Kila furushi la ng'ambo lilipita mikononi mwake, na kila lililopita lilitoka jepesi.

Bi Nguchiro alilia, akamaliza. Akachukua simu, akachora kibao cha saketi, kama vile vya kijani vilivyomo ndani ya redio. Njia ya shaba akaizungusha, akaizungusha, kama gamba la konokono. Akautuma mchoro kiwandani, ng'ambo: "Naomba viwili, vya majaribio."

Kiwanda kikajibu: "Viwili hatutengenezi. Tunatengeneza vitano. Bei yake mayai mawili."

Jirani yake, Bi Kobe, akatoa shingo. "Vitano kwa mayai mawili? Shoga, hapo kuna jambo! Na vya nini kwanza?"

"Kimoja nitakitia betri na king'ora, nikiweke mlangoni. Kibao mwenzake kikikisogelea, kitalia: pii! pii! pii! Watoto watatumbukia shimo la chini, asikofika Fisi."

"Na huyo mwenzake atakaa wapi?"

"Kwa Fisi."

Bi Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. "Nani wa kumvisha Fisi, shoga?"

"Atajivisha."

Wiki tatu zikapita. Furushi likafika. Bi Nguchiro alipoingia posta, Fisi alikuwa ameshalipasua, kwaru! kwaru!

Fisi akanusa kulia, akanusa kushoto. "Hapa kuna jambo. Imeandikwa vya majaribio. Unamjaribu nani?"

"Ni vya redio tu, Bwana Mkaguzi."

"Redio! Redio gani ina pembe za rangi ya dhahabu?"

"Basi vichukue, Bwana Mkaguzi. Vichukue hata vinne."

Fisi akaruka nyuma hatua mbili. "Hapa kuna jambo! Tangu lini mtu akanipa kwa hiari? Vina sumu hivi. Beba vyako, ondoka!"

Bi Nguchiro akajilaumu. Amekosea! Ametoa upesi mno! Akawaza watoto wake wanne. Ghafla akavikumbatia vibao vyote vitano, akakimbilia mlangoni huku akishangilia.

"Asante, Bwana Mkaguzi! Asante! Laiti ungejua ulichoniachia!"

"Wewe! Simama!" Fisi akanusa kulia, akanusa kushoto. "Hapa kuna jambo. Lete hapa. Kimoja chako, vinne ushuru."

"Niachie walau viwili!"

"Ahaa! Hata nusu ya cha pili hupati."

Bi Nguchiro akatoka analia. Alilia mpaka kona ya kwanza.

Fisi akabaki na vibao vyake vinne. Aviweke mezani? Karani mwenzake ni Mbweha. Avipeleke nyumbani? Nyumbani wanaishi fisi! Kila kibao kilikuwa na tundu pembeni. Akapitisha kamba, akafunga shingoni. Akala navyo, akaoga navyo.

Kesho yake mchana, Bi Nguchiro akaenda kutafuta mayai. Fisi akaja, nyata, nyata, nyata. Kabla hajafika mlangoni: pii! pii! pii! Watoto wakazama chini, chubwi! Fisi akaingiza mkono, akatoa udongo.

Akaja kwa nyuma, nyata, nyata. Pii! pii! pii! Akatoa udongo.

Akaja mvua inanyesha, nyata, nyata. Pii! pii! pii! Akatoa tope.

"Hapa kuna jambo," akasema Fisi. "Kuna mtu ananichongea." Akamshuku Mbweha. Akawashuku nzi. Akakishuku kivuli chake, akakifukuza mpaka akachoka. Na kwa kuwa majasusi ni wengi, na mali yake ni ya thamani, akaikaza kamba shingoni.

Mpaka leo watoto ni wanne. Bi Nguchiro akirudi huwahesabu: wanne. Kisha huwahesabu tena, kwa sababu hamwamini mtu.

Funzo letu, wapendwa: mzigo wako ukifika posta, mgawie mkaguzi bila kinyongo. Shaka ni tabia mbaya. Tuaminiane, tuishi kwa amani.

Mimi nimemaliza. Aliyeniamini apige makofi. Asiyeniamini ajipapase shingoni.