Wimbo wa Kusagia wa Kalunde

Hapo zamani, siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina, uani kwa Maganga walikuwepo hawa: Maganga mwenyewe, mama yake aitwaye Nyanzobe, mpiga zeze Kapela, jirani yao Msanja akiwa na mwanawe mchanga mgongoni, na Kalunde, mke wa Maganga, amempakata binti yake. Kila aliyeingia uani alimtazama Kalunde kwanza, maana kwa muda mrefu hakuwa amempakata.

Alipojifungua, Kalunde aligeukia ukuta. Yeye aliyekuwa akisaga mtama kwa wimbo hata wapita njia wakasimama, sasa hakuimba, hakusema, hakumtazama mtoto.

"Anadeka," watu wakanong'ona. "Hampendi mwanawe."

Nyanzobe akawajibu, "Mtu akivunjika mguu mnamfunga. Mkwe wangu anaumwa moyo, nanyi mnamsengenya?" Akafunga safari hadi ng'ambo ya msitu kumwita Kapela, aliyewapigia zeze watu walioelemewa moyoni.

Maganga naye akaahidi, "Atakayenirudishia mke wangu, ndiye atakayempa mwanangu jina."

Kapela hakupiga nyimbo za kuchezeka. Aliketi mlangoni, akasikiliza Kalunde anavyopumua, akapiga polepole kama pumzi ile. Kalunde akitulia, zeze likatulia. Akilia, zeze likalia naye. Siku baada ya siku ikawa hivyo, mpaka Kalunde akageuka, akaupa ukuta mgongo. Lakini neno hakusema.

Msanja alikuwa akija kumnyonyesha mtoto pamoja na wa kwake, kisha akiwasagia mtama. Siku moja, zeze likilia mlangoni, akaanza kuimba wimbo wa Kalunde. Loo! Sauti ya Msanja ilikuwa kama mlango mbovu, na maneno akayavuruga yote.

"Si hivyo," ikasema sauti kutoka kitandani.

Msanja akaacha kusaga. "Basi vipi, dada?"

Kalunde akauimba. Mtoto, aliyekuwa akilia mkekani, akanyamaza, akaigeukia sauti ya mama yake. Kalunde akanyoosha mikono.

"Nipe," akasema.

Ndiyo maana siku ile ya kumpa mtoto jina uani kulikuwa na mabishano.

"Jina nitatoa mimi," alisema Nyanzobe. "Nisingesema kwamba ni ugonjwa, hadi leo mngekuwa mnanong'ona. Ataitwa kama marehemu mama yangu."

"Mama, ulinileta, nakushukuru," alisema Kapela. "Lakini nani aliketi mlangoni? Aliye shimoni hatoki kwa kuitwa tu. Mimi nilishuka alikokuwa, tukapanda pamoja. Jina ni langu."

"Na mimi je?" alisema Msanja. "Mtoto amekua kwa ziwa langu. Na neno la kwanza, Kalunde aliniambia mimi."

"Alikukemea kwa kuharibu wimbo!" Kapela akacheka.

"Basi niliuharibu vizuri!"

Wote wakacheka, na Kalunde akacheka. Maganga alipousikia mcheko ule alifuta macho, akawatazama wote watatu.

Nanyi mliosikia, amueni. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina: aliyekataa asengenywe, aliyelia pamoja naye, au aliyekosea wimbo? Au ni Kalunde mwenyewe, aliyenyoosha mikono?

Walipokuwa bado wanabishana, Kalunde alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kuwasagia mtama wa uji.